Ngumi Zilipopoteza Ulimi

Tangu Rais Hussein Ali Mwinyi alipoufungua mlango uliofungwa enzi za Mzee Abeid Amani Karume, na ngumi zikapigwa tena hadharani Unguja Agosti 2023 baada ya kifungo cha karibu miaka 60, barazani kwetu mabishano hayakauki. Sitaki hapa kuwajibu wanaoupinga mchezo huu kwa dini yao au kwa huruma yao. Hao wana haki yao, na hoja yao moja nitairudia mbele. Ninaotaka kupambana nao ni wenzetu wasomi, baadhi yao marafiki zangu, wasemao kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupima kila kitu kwamba tunahangaika kufufua maiti. Ngumi, wasema, zimekufa dunia nzima. Watu wamestaarabika. Nani leo anamjua bingwa wa dunia wa uzito wa juu kama baba zetu walivyomjua Muhammad Ali?

Swali lao ni zuri. Jibu lao ndilo bovu, na ubovu wake niliuona Kimamba.

Nimeoa Kimamba. Kwa msomaji wa visiwani asiyepajua, Kimamba ni mji mdogo wa reli wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, uliokulia katikati ya mashamba ya mkonge kwenye njia ile ya zamani ya garimoshi iendayo bara hadi Kigoma. Ukishuka leo utaziona nyumba za maduka ya Wahindi, kuta zake zimechoka, na stesheni ambayo kizazi kizima kiliipangia saa zake. Treni ya kisasa ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 inasimama Kilosa. Kimamba wanabaki na mluzi wa reli ya kale. Baba mkwe wangu alifanya kazi katika shamba la mkonge tangu ujana wake hadi shamba lilipokosa kazi ya kumpa. Kila ninapokwenda kumwamkia, baada ya shikamoo na habari za wajukuu, mazungumzo yake huishia ulingoni.

Kwa maelezo yake, Jumamosi ya mshahara kambini haikuwa na sinema wala mpira ulioweza kushindana na ngumi. Manamba walitoka kila upande, Wangoni, Waha, Wamakonde, Wanyamwezi, na kila kambi ilikuwa na mtu wake. Ulingo ulizungushwa kamba ya katani iliyosokotwa palepale, na anayepigwa akaiegemea alitoka na mistari mgongoni. Lakini sehemu anayoisimulia kwa furaha kubwa zaidi si makonde. Ni mpambe. Kila mpiganaji aliingia na mpambe wake, mtu wa maneno, aliyetangulia mbele akizunguka ulingo na kumsifu mtu wake, kumkumbusha mpinzani aibu za kambi yake, kuchokoza kabila la watani, kubashiri nani atalala na atalala saa ngapi. Mpambe wa pili alijibu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wakati mwingine, asema mzee, maneno yalikuwa marefu kuliko pigano, na hakuna aliyedai arudishiwe chochote. Mpiganaji mmoja alipewa jina la Korona, kwa ile mashine ichambuayo mkonge, kwa kuwa alimkamata mtu mzima akamtoa nyuzi. Jina hilo mwaka 2020 lilimpatia mzee kazi ya ziada ya kueleza.

"Na aliyeshindwa?" nilimwuliza.

"Aliyeshindwa, mwanangu, mpambe wake alikuwa na wiki nne za kumtafutia sababu."

Usiku wa siku hiyohiyo nilipita penye kibandaumiza cha jirani. Vijana wamejazana katika joto, macho juu ya televisheni, wanatazama mpira wa Uingereza. Mikononi wameshika simu zenye mikeka yao ya kubeti. Kila mmoja anajua goti la mchezaji gani wa London linauma. Nikawauliza habari za Francis Cheka. Cheka ni mtu wa Morogoro, mji mkuu wa mkoa wao wenyewe. Agosti 2013, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, alimshinda Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Kijana mmoja akaniuliza kama ni mchezaji wa zamani wa Mtibwa.

Sasa waje wasomi wetu wanieleze. Je, vijana wale wamestaarabika kuliko babu yao? Mpira ulipokwisha, mwenye kibanda aliweka mieleka ya Kimarekani, watu wazima waliojipaka mafuta wakirushiana viti, na hakuna aliyetoka. Mchezo wa kupigana ndani ya tundu la waya, ambapo mtu hupigwa viwiko naye yuko chini, ulianza Marekani mwaka 1993 na umekuwa biashara kubwa ya dunia. Damu haijakosa wateja. Kama ustaarabu ndio uliowaondoa watu katika ngumi, ustaarabu huo una macho ya kuchagua.

Tazama mieleka ile kwa makini zaidi, maana ina somo. Kila mtu anajua kwamba mshindi amepangwa. Kinachouzwa ni maneno: nani alimtukana nani, nani alimsaliti rafiki yake, nani ameapa kulipa kisasi wiki ijayo. John Cena anajulikana Kimamba kwa sababu ana kisa. Cheka, aliyepigwa na kupiga kwelikweli, hakusimuliwa na mtu.

Hapa ndipo ninapoiweka hoja yangu, na anayetaka aijibu. Ngumi zilipoteza watu pale zilipopoteza ulimi. Ulimi huo haukufa kwa maradhi. Ulikatwa, tena na watu wanaojulikana.

Wa kwanza ni wenye mikanda. Wakati fulani dunia ilikuwa na madaraja manane ya uzito na, kwa kawaida, bingwa mmoja kwa kila daraja. Mtoto wa skuli aliweza kuwakariri wote. WBC likazaliwa mwaka 1963 kushindana na WBA, IBF likafuata 1983, WBO 1988. Madaraja nayo yakaongezwa hadi 17. Piga hesabu: vyama vinne vikubwa mara madaraja 17, mikanda inapita 60, bila kuhesabu vyama vidogo kama kile kilichompa mkanda Cheka, na bila kuhesabu mikanda ya "mpito" na ya "heshima" inayogawiwa kama tende za futari. Kisa kinahitaji mtu mmoja kileleni na mwingine anayepanda kumng'oa. Ukiwa na mabingwa wanne wa jambo moja, wanaokwepana kwa mikataba miaka nenda miaka rudi, mpambe atasema nini? Atamsifu nani dhidi ya nani?

Wa pili ni wenye televisheni. Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, ndani ya Afrika, Oktoba 30, 1974, na pambano likaanza kama saa kumi za usiku kwa saa za pale. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu Marekani ilikuwa jioni. Mwenyeji aliamshwa alfajiri ili mgeni atazame baada ya chakula. Tulilifurahia pambano lile mno hata hatukuiona dharau yake. Baadaye wakafika mbali zaidi wakamfungia nje hata Mmarekani wa kawaida: Mayweather na Pacquiao walipopambana Mei 2015, kulitazama pambano moja nyumbani kuliuzwa takriban dola 100. Mchezo wa maskini ukawekwa kwenye kabati la tajiri, kisha tukaambiwa maskini wameuchoka.

Nilinganishe na jambo moja. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alipotaka kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, alimtuma Muhammad Ali, na Dar es Salaam ilikuwa kituo chake kimojawapo. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Tukiacha siasa yake, lizingatie jambo lenyewe: dola kubwa iliona kwamba mwanangumi ndiye balozi anayeweza kusikilizwa katika bara zima. Ni mwanangumi gani leo angetumwa, hata kupeleka salamu za Idi?

Huku kwetu kisu kilikuwa kingine. Tanganyika na baadaye Tanzania ilikuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Mwaka 1964 zilipatikana tani zipatazo 230,000. Nailoni ikaja, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, yakadorora, na miaka ya mwisho ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 30,000. Wachumi wameyaandika hayo. Hawakuandika kwamba kambi zilipokufa, ulingo wa kamba ulikufa nazo. Na mashirika ya umma yalipouzwa, mwajiri aliyekuwa na timu, kocha na ukumbi aliondoka, akaja mwenye mali anayehesabu gharama. Mpira wa miguu uliokolewa na ushabiki wake; ngumi zikabaki kwa JKT, Polisi, Magereza, na vijana wachache wa uchochoroni wenye gunia la mchanga na moyo.

Nao hawakutuangusha. Titus Simba alikuwa amekwisha kupata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, akishindwa fainali na John Conteh, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Michael Yombayomba alirudi na dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham Septemba 2018 akamwangusha Sam Eggington katika raundi ya pili, mbele ya watu waliomlipa ili apigwe. Mwaka 2022, katika mji huohuo wa Birmingham, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walipata shaba mbili za Jumuiya ya Madola. Ningependa kumwona msomaji aliyeyajua majina hayo mawili ya mwisho kabla ya kusoma sentensi hii. Mimi mwenyewe, ninayejitapa kuyapenda mambo haya, niliyajua kwa kuchelewa.

Wakati mabondia wanapigwa kwa ajili ya bendera, wakubwa wao walipigania mihuri. Ngumi za kulipwa Tanzania ziliendeshwa kwa miaka mingi na vyama vilivyogombania mamlaka, TPBC, PST, TPBO, kila kimoja na bingwa wake wa taifa, mpaka serikali ikalazimika kuweka kamisheni moja. Yaani tuliigiza ugonjwa wa Marekani bila kuwa na fedha ya Marekani.

Najua rafiki yangu mmoja, daktari, atakuwa amekwisha kukunja uso. Ataniuliza: na ubongo je? Hii ndiyo hoja niliyoahidi kuirudia, nami siikwepi. Ali aligunduliwa maradhi ya kutetemeka mwaka 1984, akaishi nayo hadi alipofariki 2016. Mkorea Duk Koo Kim alikufa kwa kipigo cha pambano la ubingwa Novemba 1982, na ndipo raundi 15 zilipoanza kupunguzwa kuwa 12. Robert Wangila, aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki nje ya riadha mjini Seoul mwaka 1988, alifia Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya ulingoni. Mchezo huu unaua, na anayesema hauui asikabidhiwe mtoto wa mtu. Lakini hoja ya daktari inadai sheria kali, daktari penye ulingo mwenye mamlaka ya kusimamisha pambano, kipimo cha kichwa, na promota anayelipa bima kabla ya kulipa bendi. Haielezi kwa nini watu waliondoka. Watu hawakuondoka kwa kumhurumia Wangila, wengi hawamjui. Na hilo ni ukatili wa pili juu ya ule wa kwanza: mtu afe kwa ajili yetu, tena asitajwe.

Sasa nifike kwa Karim Mandonga, maana najua msomaji ananisubiri hapo.

Mandonga ni mtoto wa Morogoro. Wasomi wa ngumi wanamwita mchekeshaji. Julai 2022 alishindwa na Shaban Kaoneka mjini Songea, na kesho yake alikuwa maarufu kuliko aliyemshinda. Januari 2023 alimshinda Daniel Wanyonyi jijini Nairobi; Julai mwaka huohuo Wanyonyi akamlipa. Agosti, Zanzibar ilipofungua ulingo wake baada ya miongo yote ile, jina lililoitwa kujaza viti lilikuwa lake. Si bingwa wa dunia, si mshindi wa medali. Ana nini? Ana ulimi. Huipa ngumi yake jina kabla ya kuirusha: Sugunyo, Ndoige. Huapa na hubashiri, hushindwa, na kabla jasho halijakauka amekwisha kupata sababu. Nilipomsikia mara ya kwanza nilimkumbuka mzee wa Kimamba. Huyu ni mpambe na mpiganaji katika kiwiliwili kimoja, kwa kuwa hakuna aliyebaki kumfanyia kazi ya kwanza.

Wanaomdharau wamesahau kwamba Ali alikuwa vivyo hivyo. Alibashiri raundi kwa vina, na magazeti ya kwao yakamwita mropokaji hadi alipoanza kushinda, ndipo yakamwita mshairi. Tofauti ya Ali na Mandonga iko mikononi, nami siifichi: maneno ya Ali yalikuwa na amana benki. Mchezo hauwezi kuishi kwa ulimi usio na ngumi, na promota atakayedhani kwamba amegundua hazina kwa kumpandisha mtu wa maneno kila mwezi apigwe, atauzika mchezo mara ya pili na huenda akamzika mtu pamoja nao. Hata hivyo Mandonga amethibitisha jambo ambalo kamisheni, vyama na televisheni havikulitambua. Watu hawakuwa wamezichoka ngumi. Walikuwa wamechoka kutazama watu wawili wasiojulikana wakipigana kwa sababu isiyosemwa.

Mpira wenyewe, huo tunaoambiwa umeziua ngumi, unaishi kwa chakula hichohicho. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimecheza mechi nyingi mbovu ambazo hakuna mgeni angezitazama hadi mwisho. Kinachojaza uwanja ni wiki mbili za vijembe kabla na wiki mbili baada. Beni za zamani, Marini na Arinoti, zilisafiri kutoka pwani hadi bara kwa mabavu hayohayo ya mashindano na kejeli. Na taarabu yetu je? Nani asiyejua kwamba mipasho ilijaza kumbi pale nyimbo tamu pekee zilipoonekana hazitoshi? Jirani zetu wa Komoro wana mrengé, ndugu wa moraingy ya Madagaska: watu hupigana ngumi tupu katika uwanja wa wazi, ngoma zikirindima, kijiji kizima kimezunguka. Hakuna mkanda wala televisheni ya kulipia. Watu wapo.

Kwa hiyo lawama yangu ya mwisho haiendi Las Vegas wala Dar es Salaam. Inakuja hapahapa, kwenye kurasa hizi. Sisi ndio wenye ulimi. Muyaka bin Haji aliutetea mji wake wa Mombasa kwa beti wakati wengine wakiutetea kwa mizinga, na hakuona kwamba vita ni jambo duni kwa shairi. Lugha yetu ina ngumi, konde, sumbwi na ndondi, na vijana wameongeza vitasa. Sijui mchezo mwingine ulioheshimiwa kwa maneno mengi hivyo. Nasi tumeyafanyia nini? Tumetunga juu ya mapenzi, tukatunga juu ya uchaguzi, tukatunga juu ya kutunga. Yombayomba alipobeba dhahabu ya Kuala Lumpur tulikuwa tunabishana mizani. Mshairi asiyeona kitu cha kusema juu ya kijana wa miaka 20 anayesimama peke yake chini ya taa, mama yake akiwa nyumbani amezima redio kwa hofu, asilalamike kwamba hasomwi.

Nimekwenda kutazama ngumi mara kadhaa tangu ziliporudi. Taa ni nzuri, muziki unapasua masikio. Mara ya mwisho vijana wawili wa hapa hapa Unguja walipanda ulingoni, na mtangazaji akawaita kwa Kiingereza alichokikopa kwenye televisheni, akivuta majina yao mpaka yakakatika. Hakusema wametoka mtaa gani, ni watoto wa nani, wamekutana mara ngapi. Walipigana vizuri sana. Yule mwembamba aliangushwa raundi ya tatu, akainuka, akashinda. Watu walipiga makofi, wakaenda zao forodhani kula mishikaki.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu baba mkwe, nikamsimulia kila kitu: alivyoanguka, alivyoinuka, konde la kushoto lililomaliza kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Anaitwa nani?"

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimelisahau.

"Basi mpigie mwenziwe uliyekuwa naye," akasema mzee, "umwulize, halafu unipigie tena. Mimi silali."

Nilimpigia. Naye hakulikumbuka.